Mkono Mwepesi

Kazi ya mpambaji wa maharusi ina dhuluma yake: akiiweza sawasawa, anaonekana hakufanya kitu. Bibi harusi anaingia ukumbini, uso umenawiri, na mjumbe wa kamati anamnong'oneza jirani yake, "Huyu hajajipodoa, ni Mungu tu." Hajui kwamba binti kakaa kwenye kiti cha saluni tangu asubuhi, na kwamba huo "Mungu tu" umepigwa mikono sita au saba ya krimu, rangi na poda.

Nasema mikono kama asemavyo fundi rangi wa nyumba, maana kanuni ni ile ile: mkono mmoja mzito hupasuka, mitatu myepesi hushika. Ila ukuta hautoki jasho wala haukumbatiwi na mashangazi waliotoka Muleba.

Rwamishenye, kwenye barabara kuu ya kuingia Bukoba mjini, mpambaji anayeijua kazi utamtambua kwa kusubiri kwake. Mji huu hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ziwa liko hapo karibu. Hewa imejaa unyevu, haikaushi kitu upesi. Basi akishamwosha binti uso na kumpaka losheni, anamwacha. Anapanga brashi, anapokea simu, anamsuta mtoto aliyeingia na matope. Mwenye pupa angemwaga foundesheni papo hapo, na ikiwa losheni ni ya maji na foundesheni ni ya silikoni, vitu hivyo viwili havielewani: baada ya muda vinajikunja na kutoka vipande vipande kwenye mashavu.

Rangi anaijaribu kwenye taya, kisha anamtoa binti hadi mlangoni, kwa sababu taa ya ndani ni mwongo. Nuru ya mchana inaonyesha kwamba uso hauna rangi moja. Paji limeungua na jua, pembeni mwa mdomo pameiva zaidi, mashavu yana manjano kidogo. Mpambaji anachanganya foundesheni mbili mgongoni mwa kiganja, moja ya wekundu na moja ya manjano, na wala hataki uso wote ulingane. Uso uliosawazishwa kila mahali ni barakoa, hata kama rangi yenyewe ni sahihi.

Kukosa rangi inayoendana na ngozi kuliwagharimu watu weusi miaka mingi. Foundesheni iliyotegemea sana weupe wa titani huacha majivu juu ya ngozi yetu. Iman, Msomali aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alifika New York mwaka 1975 kufanya kazi ya mitindo, na amesimulia mara nyingi jinsi mpambaji alivyomuuliza kama amekuja na foundesheni yake mwenyewe, kisha akampaka kitu kilichomfanya kijivu. Akaanza kujichanganyia. Mwaka 1994 alianzisha kampuni yake ya vipodozi. Rihanna alipoleta Fenty Beauty mwaka 2017 na rangi 40 kwa mpigo, dunia ilishangaa; wanawake waliokuwa wakichanganya viganjani kwa miaka yote ile walikuwa na haki ya kuguna.

Hatua ninayoipenda kuliko zote haionekani kabisa. Chini ya macho, penye weusi wa kukesha vikao, mpambaji anagusa rangi ya chungwa. Ukiingia wakati huo utadhani kakosea. Lakini chungwa huua ubuluu ulio ndani ya weusi huo, kisha konsila kidogo tu inatosha juu yake. Hata wekundu wa mashavu wengine huutanguliza, foundesheni ikafuata nyembamba juu, ili wekundu uchungulie kama damu inavyochungulia. Sponji imeloweshwa na kukamuliwa; inabonyeza, haisugui. Poda inakwenda penye jasho tu: paji, pembe za pua, kidevu. Mfupa wa shavu unaachwa bila poda, maana hapo ndipo mwanga utakapotua. Mwisho anampiga picha kwa simu, flashi ikiwaka, kuona kama kuna mahali panapotoa weupe. Pakitokea, anarudi nyuma bila kulalamika.

Mng'ao huu si mgeni kwetu. Katika falme za kale za Maziwa Makuu, zikiwamo za Buhaya, watu walijipaka samli ya ng'ombe. Unguja, bibi harusi bado husuguliwa singo siku kadhaa kabla ya shughuli. Wazee walianza na ngozi yenyewe, na mpambaji wa leo anajua kuwa hakuna foundesheni iliyowahi kuokoa ngozi iliyokauka.

Ndiyo maana mkorogo wa kuchubua ngozi unanikera kuliko uhuni mwingine wowote wa urembo. Zebaki iliyomo katika baadhi yake huizuia ngozi kutengeneza rangi yake na huumiza figo. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ukaibana kwenye vipodozi. Aliyechubuliwa humfikia mpambaji na vidole vyeusi na mashavu mekundu yanayowasha, akiomba "kitu cha asili". Wapo wanaosema vipodozi vyote ni udanganyifu. Mimi siwaungi mkono. Mikono hii myepesi inanawika jioni kwa maji na sabuni, na bibi yake binti anamtambua mjukuu wake tangu mlangoni.

Tatizo ni bei. "Hela yote hii, mbona haonekani kapakwa?" anauliza mama mkubwa, na mpambaji anacheka tu, huku akimfungia mpambe tishu na kijikopo cha poda. Anamwelekeza mara mbili: akilia, usimfute, mbonyeze, na jasho likaushe kwanza ndipo upake poda, kwa sababu poda juu ya jasho ni mabaka. Mpambe asiyesikia ataharibu kazi ya tangu asubuhi kabla keki haijakatwa.