Wengi Wape: Basil, Del Boy na Mizani ya Kicheko

Katika madarasa ya lugha na fasihi kuna zoezi moja jepesi ambalo walimu hulipenda. Mwalimu huwataka wanafunzi wamtaje mhusika wanayempenda kuliko wote katika michezo ya vichekesho ya televisheni. Majina huandikwa ubaoni, kura huhesabiwa, kisha kando ya orodha ile huwekwa nyingine iliyotokana na kura ya umma. Mara nyingi orodha mbili hizo hazilingani, na hapo darasa hugawika. Wako wanaosema kwamba umma haujui sanaa, na wako wanaoingiwa na haya kwa kuwa wamechagua kinyume cha wengi. Makundi yote mawili yamekosea, kwani yote mawili yamekwisha kuamini kwamba orodha zile zimejibu swali moja.

Uingereza inatoa mfano ulio bayana wa jambo hili. Mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Uingereza iliwataka watu wa fani ya televisheni wachague vipindi 100 vilivyo bora katika historia ya nchi yao. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa mchezo wa vichekesho, Fawlty Towers, ulioandikwa na John Cleese na Connie Booth. Miaka minne baadaye, mwaka 2004, BBC iliwataka watazamaji wenyewe wachague mchezo bora wa vichekesho. Safari hii Fawlty Towers ulikuwa wa tano. Wa kwanza ulikuwa Only Fools and Horses wa John Sullivan, uliopata kura zaidi ya 340,000. Na mchezo huo huo, katika orodha ya wataalamu, ulikuwa wa 45. Mwaka 2019 jarida la Radio Times likaliuliza tena jopo la wajuzi wa vichekesho, na jopo likairudisha Fawlty Towers katika kiti chake cha kwanza.

Ni kweli kwamba mizani zile hazikuwa za aina moja. Orodha ya mwaka 2000 ilichanganya vichekesho, tamthilia nzito na vipindi vya kila namna, ilhali ile ya mwaka 2004 ilikuwa ya vichekesho peke yake. Lakini michezo hii miwili ikitazamwa sambamba, kinyume chake ni dhahiri: wajuzi walimtanguliza Basil Fawlty, na umma ukamtanguliza Derek Trotter, maarufu kwa jina la Del Boy. Ili kuielewa hitilafu hiyo, haitoshi kuhesabu kura. Yapasa wahusika wenyewe watazamwe.

Basil ni mwenye hoteli katika mji wa Torquay, pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza. Huwanyenyekea wageni anaowadhania kuwa wakubwa na huwadharau wale anaowaona wadogo. Humwogopa mkewe Sybil, na hasira yake yote humshukia Manuel, mhudumu aliyetoka Barcelona, ambaye Kiingereza hakijamkaa vyema. Kila kisa huanza na uongo mdogo wa kuficha aibu. Uongo huo huhitaji wa pili, na wa pili huhitaji wa tatu, mpaka nyumba nzima huwa imemwangukia. Katika kisa kimoja cha mwaka 1975 gari lake linagoma njiani, naye analionya kama anayemwonya mtoto mkaidi, kisha anachuma tawi la mti na kulichapa. Vipindi vyote ni 12 tu, sita vya mwaka 1975 na sita vya mwaka 1979. Hakuna neno la kuondoa. Kila kinachotajwa mwanzoni hurudi mwishoni kudai deni lake, na mwenye kuzoea kupima vina na mizani ya shairi hatakawia kuuona ufundi huo.

Del Boy ni mtu wa namna nyingine. Yeye ni mchuuzi wa Peckham, kusini mwa London. Duka lake ni sanduku la mkononi, na bidhaa zake asili yake haiulizwi. Mama yake alikufa, baba akawakimbia, naye akabaki kumlea mdogo wake Rodney katika jengo refu la serikali ya mtaa lililopewa jina la Nelson Mandela. Gari lao lina magurudumu matatu. Kila mwaka Del huahidi kwamba mwakani watakuwa matajiri, na kila mwaka ahadi hiyo huvunjika. Kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha mwaka 1989. Del amevaa kama mfanyabiashara mkubwa na anamfundisha rafiki yake namna ya kusimama kitanashati mbele ya wanawake. Mhudumu anapita na kuuinua ubao wa kaunta, na Del, asiyekuwa na habari, anaegemea pasipo na kitu na kuanguka wima kama gogo. Kisha anainuka, anarekebisha koti lake, na kumwambia mwenzake kinywaji kimalizwe waondoke.

Wote wawili wanatamani kupanda daraja ambalo jamii yao haikuwapangia, na wote wawili huanguka. Tofauti iko katika anayeumia. Basil aangukapo, huwavuta wengine chini pamoja naye, na mtazamaji hucheka akiwa mbali, kama anayetazama moto wa nyumba ya jirani asiyempenda. Del aangukapo, huinuka kwa ajili ya mtu mwingine. Mkate anaoutafuta kwa ujanja ni wa Rodney na wa mzee aliyemo ndani. Alipofariki Lennard Pearce, aliyeigiza babu yao, mwishoni mwa mwaka 1984, Sullivan hakumtoa babu mchezoni kimyakimya. Aliandika mazishi, na watazamaji waliozoea kucheka wakakaa na wafiwa.

Kwa hiyo mjuzi anapomchagua Basil, amechagua anachoweza kukieleza: msuko, kasi, uwekevu wa maneno. Hiyo ndiyo kazi aliyofundishwa, na si haki kumlaumu kwa kuifanya. Umma ulipomchagua Del, ulichagua mtu uliokaa naye. Mchezo wake ulianza mwaka 1981, na visa vyake vya sikukuu ya Krismasi viliendelea hadi mwaka 2003. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1996, familia ile ilipoiuza saa ya kale iliyokuwa imelala miaka mingi katika gereji lao na hatimaye kutajirika, watu zaidi ya milioni 24 walikuwa mbele ya televisheni. Haiwezekani idadi kama hiyo ikaelezwa kwa ufundi wa msuko peke yake. Watu wale walikuwa wamengoja miaka 15 kuona ahadi ya mwakani ikitimia, na wengi wao walikuwa na ahadi kama hiyo nyumbani mwao.

Hata hivyo, si haki kudai kwamba umma humpenda mwema na kumkataa mkorofi. Mwaka 2001 Channel 4 iliuliza swali jingine: si mchezo upi, bali ni mhusika yupi wa televisheni aliye bora kuliko wote. Aliyeshinda hakuwa Mwingereza wala hakuwa mtu wa damu na nyama. Alikuwa Homer Simpson, baba wa katuni za Kimarekani, mvivu na mlafi. Basil naye alikuwa miongoni mwa waliotangulia. Yumkini mtu akiulizwa juu ya mhusika mmoja, hukumbuka sura iliyochongwa kwa makali. Akiulizwa juu ya mchezo mzima, hukumbuka nyumba na waliomo. Swali lilipobadilika, na jibu likabadilika, ingawa waliojibu ni umma wa nchi ile ile.

Wahenga walisema wengi wape. Msemo huo unahusu haki ya wengi, nao hausemi kwamba wengi hawakosei. Kura ya mwaka 2004 haikuwa sensa: walipiga waliotaka kupiga, na kila mchezo kati ya kumi ya mwisho ulikuwa na wakili wake aliyesimama kwenye televisheni kuutetea. Darasa nalo lina udhaifu wake. Katika chumba chenye wanafunzi 30, kura moja ni zaidi ya asilimia tatu, na rafiki watatu wakikubaliana wanaweza kumpandisha mhusika yeyote. Tena kijana huchagua katika aliyoyaona. Mchezo uliokoma kabla hajazaliwa hauna wa kumsemea, isipokuwa marudio na kumbukumbu za wazazi.

Wapenzi wa utungo wa mwambao hawana haja ya kwenda London ili kulifahamu jambo hili. Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake huko Bombay mwaka 1928, na sahani zake zikapigwa na kupendwa katika miji ya pwani na visiwani. Shaaban Robert aliuandika wasifu wake baadaye, umma ulipokuwa umekwisha kutoa hukumu. Kalamu ya mtaalamu haikumfanya Siti apendwe. Iliyafanya mapenzi yale yaelezeke, na ikamfikisha kwa vizazi ambavyo havikupata kuisikia sauti yake barazani. Hapo wengi na mjuzi walifanya kazi moja kwa zamu. Ziko pia tungo ambazo huishi katika vitabu vya shule na hufa siku ya mtihani, na ziko ambazo hazikuingia kitabuni lakini husomwa kwa moyo arusini na matangani.

Hasara ya zoezi lile la darasani, basi, haitokani na orodha kutofautiana. Hutokea pale mwanafunzi anapoifuta kura yake baada ya kuona majina ya wengi, au baada ya kuambiwa kwamba wataalamu wamesema vingine. Akifanya hivyo amejifunza kuficha apendacho, na mhakiki anayeficha apendacho hana pa kuanzia. Hasara ya pili ni ya yule anayeshikilia kura yake bila ya kutoa sababu, akidhani kwamba kupenda kunatosha.

Mwalimu mwenye busara ataziacha orodha zote mbili ubaoni na kuuliza maswali mengine. Huyu uliyemchagua hutamani nini, na ni nini kinachomzuia? Akianguka, nani huumia pamoja naye? Ungekubali awe jirani yako, au unampenda kwa kuwa yuko mbali? Aliyemchagua Basil atalazimika kusema kwa nini ukatili wake unachekesha, na kama unamchekesha Manuel pia. Aliyemchagua Del atalazimika kusema kama mapenzi yake hayajaufumbia macho udanganyifu wa mtu anayewauzia maskini wenzake bidhaa mbovu. Mwisho wa saa ile yumkini kila mmoja atabaki na kura yake ya mwanzo, lakini atakuwa anaweza kuisimamia mbele ya wenzake.