Orodha ya Abiria ni Amana

Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi, nayo imepakia kupita kiasi. Hesabu za mwanzo zilitaja maiti zipatazo 200. Januari 2012 tume ya uchunguzi ikatangaza maiti 203, na waliopotea 1,370.

Hesabu ya mwanzo ilikuwa ya walioopolewa, si ya walioangamia. Aibu ilianzia bandarini, kwenye orodha isiyowataja abiria wote. Aandikaye orodha ni shahidi, na ushahidi ni amana. Jina asiloliandika leo, kesho mama mtu ataliulizia wapi? Na tangazo lijalo, nani ataliamini?