Slufay Mbele ya Maikrofoni

Katika ufundi wa kurekodi, chombo kinachosifiwa zaidi ni maikrofoni, kwa kuwa ndiyo inayoonekana mbele ya mdomo wa msemaji, ilhali chombo kinachoifuata mara moja, yaani priampu, hukaa ndani ya kisanduku cha chuma pembeni mwa meza na hutajwa na wachache. Priampu ni kikuza sauti cha awali: hupokea umeme dhaifu unaozalishwa na maikrofoni, kisha huupandisha hadi kiwango ambacho miksa, kinasa sauti au kompyuta inaweza kukitumia. Udhaifu wa umeme huo hauelezeki vizuri bila hesabu. Mtu anayezungumza kwa kawaida husikika, kwa umbali wa meta moja, kwa nguvu ya takribani desibeli 60, na maikrofoni ya Shure SM58, iliyozoeleka makanisani na majukwaani, huigeuza sauti hiyo kuwa umeme usiozidi sehemu 40 za milioni ya volti moja. Ili ufikie volti moja kamili, umeme huo lazima ukuzwe zaidi ya mara 20,000, na kila uchafu ambao priampu itautia mwanzoni mwa safari hiyo utakua pamoja na sauti yenyewe wala hautatenganishwa nayo tena.

Ndiyo maana priampu ya daraja la juu inastahili kujaribiwa mahali ambapo sauti ina mambo mengi madogo yanayoweza kupotea, na ni sehemu chache za Tanzania zinazozizidi wilaya za Mbulu na Hanang kwa jambo hilo. Upande wa Mbulu, Nambis na vijiji vinavyoizunguka ni nchi ya Kiiraqw, lugha ya jamii ya Kikushi. Kuelekea Mlima Hanang husikika Kidatooga, ambacho ni cha jamii ya Kiniloti. Katika bonde la Yaeda wapo Wahadzabe, ambao lugha yao ina vidoko, yaani konsonanti zinazotamkwa kwa kuutenga ulimi ghafla na kaakaa au meno. Na juu ya zote hizo kimetanda Kiswahili, lugha ya Kibantu, sokoni, shuleni na kanisani. Fundi mitambo anayefanya kazi katika eneo hili hukutana na takribani kila namna ambayo koo na ulimi wa binadamu huweza kutengeneza sauti.

Kiiraqw, ambacho mwanaisimu Maarten Mous alikiandikia kitabu cha sarufi kilichotoka mwaka 1993, kina konsonanti mbili zinazoidai priampu uangalifu wa pekee. Ya kwanza huandikwa kwa herufi sl na hutamkwa kwa kuipitisha hewa pembeni mwa ulimi bila nyuzi za sauti kutetema. Ya pili huandikwa hh na hutoka kooni kabisa, karibu na hha ya Kiarabu ambayo wasomaji wa Kurani wanaifahamu. Zote mbili ni pumzi tupu: hazina mlio wa muziki ndani yake, bali ni hewa inayosuguana na nyama za kinywa au za koo. Kelele ya priampu duni nayo, ile shhh nyembamba inayosikika kwenye hedifoni fundi anapoupandisha ukuzaji, ni msuguo usio na mlio, nayo imetawanyika katika mawimbi yaleyale zinamokaa konsonanti hizo. Mvumo wa jenereta huweza kuchujwa baadaye, kwa kuwa unakaa mahali pake chini. Lakini anayejaribu kuichuja shhh huondoa pamoja nayo ncha ya sl na upana wa hh, na akishamaliza amebaki na msemaji anayesikika kana kwamba si mzaliwa wa lugha yake. Hapo ubora wa chombo huacha kuwa anasa ya watu wa studio na kuwa suala la kuitendea haki lugha ya watu.

Sanaa inayoliweka jambo hili wazi kuliko nyingine ni slufay, ambayo neno lake lenyewe linaanza na konsonanti hiyo ngumu. Slufay ni maombi yenye umbo la ushairi, ambayo mzee mwenye kipaji huyatamka mbele ya watu waliokusanyika, akiomba mvua, amani, watoto na mifugo, huku waliopo wakimwitikia kwa pamoja. Kwa anayerekodi, muundo huo ni mtihani wa pande mbili. Maneno ya mzee mmoja huweza kushuka hadi karibu na mnong’ono, na ukuzaji hulazimika kuwa mkubwa ili yasizame. Kisha kiitikio cha watu wengi huja kwa nguvu ghafla, na priampu isiyo na nafasi ya juu, yaani akiba ya volti kati ya kiwango cha kawaida na kikomo chake, huyakata mawimbi vichwa na sauti hupasuka. Fundi asiyeamini chombo chake huchagua upande mmoja: ama humlinda mzee na kuwapoteza waitikiaji, ama kinyume chake. Priampu nzuri humwondolea uchaguzi huo, na katika slufay kuondolewa uchaguzi huo ni jambo kubwa, kwa maana ombi lisilo na kiitikio si slufay kamili.

Wauzaji hupenda kusema kwamba kinacholipiwa katika priampu ghali ni ukimya wake. Kauli hiyo ilikuwa kweli zamani kuliko ilivyo sasa. Mwaka 1928 wanafizikia wawili nchini Marekani, John B. Johnson na Harry Nyquist, walichapisha uthibitisho kwamba kila kizuizi cha umeme hutoa kelele kwa sababu tu kina joto, hata kama hakuna anayekigusa. Kwa maikrofoni yenye ukinzani wa omu 150, kelele hiyo katika mawimbi yote yanayosikika ni kama sehemu 0.22 ya milioni ya volti, na hakuna fundi duniani atakayeshuka chini yake pasipo kuipoza maikrofoni yenyewe. Priampu bora hukaribia sakafu hiyo kwa desibeli mbili au tatu, na hata vifaa vya bei ya wastani vya siku hizi hufika jirani. Tofauti ya bei huonekana kwingine, hasa umeme unapokuwa mbaya, na katika vijiji vya nyanda za juu umeme mbaya ni jambo la kawaida: inveta ya sola hutoa mlio mwembamba, mnara wa simu husukuma mawimbi yake kwenye nyaya, na gridi huleta mvumo wa mitetemo 50 kwa sekunde. Waya wa maikrofoni hubeba sauti kwa njia mbili zilizo kinyume, moja ikipanda wakati nyingine inashuka, na priampu hutoa tofauti kati yake, hivyo kila takataka iliyoziingia njia zote mbili kwa usawa hujifuta yenyewe. Kulinganisha njia hizo kwa usahihi wa hali ya juu kunahitaji transfoma iliyosokotwa kwa uangalifu au vipande vilivyochaguliwa kimoja kimoja, na kazi hiyo ya mkono ndiyo inayostahili fedha.

Hata volti 48 ambazo priampu huzirudisha kwenye maikrofoni za kondensa kupitia waya uleule zina asili ya kupendeza: kampuni ya Neumann ya Berlin ilizichagua mwaka 1966 kwa ajili ya redio ya taifa ya Norway, kwa kuwa studio za huko tayari zilikuwa na umeme wa kiasi hicho kwa taa za dharura. Uamuzi uliofanywa kwa sababu ya giza la kaskazini ndio unaofuatwa leo popote kwaya inaporekodiwa, Mbulu ikiwemo.

Kwaya zenyewe zinadai mizani tofauti kidogo. Moduli ya 1073, aliyoibuni Mwingereza Rupert Neve mwaka 1970, hupendwa kwa sababu transfoma zake huongeza unene fulani katika sauti, na kwaya ya parokia yenye kinanda na ngoma inaweza kunufaika na unene huo. Kwa slufay, na kwa nyimbo za wanawake wa Kidatooga ambao bangili zao za shaba hulia wakicheza, unene huo ni nyongeza isiyoombwa, na priampu angavu, isiyotia rangi yake, ndiyo inayofaa. Anayetaka kununua moja tu aanze na hii angavu, maana unene huweza kuongezwa baadaye kwenye kompyuta, lakini hakuna kitufe cha kuuondoa.

Jaribio la haki huhitaji subira kuliko mitambo. Priampu mbili hupewa maikrofoni ileile na msemaji yuleyule, viwango vyake husawazishwa hadi tofauti ya sehemu ya desibeli, kwa sababu sikio huidhania sauti kubwa kuwa ndiyo bora, kisha rekodi huchezwa pasipo kutajwa majina ya vyombo. Wasikilizaji wanaofaa zaidi ni wenye lugha. Mzee wa Nambis ambaye hajawahi kusikia habari za desibeli atatambua mara moja rekodi ambayo hh yake imepungua, wakati fundi wa mjini mwenye hedifoni za bei kubwa anaweza kuipita bila kuishuku.

Ipo pia sifa moja ndogo ambayo picha za matangazo haziionyeshi. Katika priampu nyingi za daraja la juu, kitasa cha ukuzaji hakizunguki kwa ulaini. Huenda kwa hatua, kila hatua ikiwa na mlio wake chini ya kidole na idadi yake ya desibeli iliyochongwa pembeni. Fundi huandika namba hiyo kwenye daftari pamoja na tarehe, aina ya maikrofoni na umbali wake kutoka mdomoni, ili mwaka mwingine, mzee yuleyule au mwanawe atakaposimama kuomba, sauti mbili zilizotenganishwa na miaka ziweze kuwekwa pamoja na kulinganishwa kwa kipimo kimoja.