Kaburi la Tansen na Makaburi ya Waimbaji Wetu

Katika mji wa Gwalior, kusini ya Delhi, chini ya ngome kubwa iliyosimama juu ya mlima wa mawe, liko kaburi la Tansen, mwimbaji wa baraza la Akbar, mfalme wa ukoo wa Mughal. Tulilizuru zamani kidogo, tulipokuwa India kwa mafunzo ya kazi. Twalieleza hapa kwa sababu limetufanya tuyatazame kwa jicho jingine makaburi ya waimbaji wa kwetu.

Mgeni afikapo mara ya kwanza hukosea. Macho yake huvutwa na jengo kubwa la mraba, lenye minara pembeni na viambaza vya mawe yaliyotobolewa kwa ufundi kama kofia ya vitobo ya Unguja. Silo hilo. Hilo ni la Muhammad Ghaus, sheikh wa Kisufi, ambaye husimuliwa kuwa alikuwa mlezi wa Tansen. La mwimbaji liko kando, dogo: sakafu iliyoinuliwa kidogo, nguzo, paa, na pande zote wazi. Wenzetu wawili tuliofuatana nao walisikitika. Walisema mtu aliyeitwa mbele ya Akbar mwaka 1562, akahesabiwa miongoni mwa vito tisa vya baraza lake, alistahili zaidi ya hayo.

Sisi hatukuafikiana nao. Jengo la sheikh limefungwa kwa mawe, na mwenye kuingia hushusha sauti kwa heshima. La Tansen halina ukuta wa kuizuia sauti. Kila Desemba waimbaji na wapiga ala wa India nzima hukusanyika hapo kwa siku kadhaa, wakaimba karibu naye. Na hufunguliwa kwa visa vya dini ya Kihindu pamoja na maulidi ya Kiislamu, kwa kuwa marehemu alizaliwa katika nyumba ya Kihindu akazikwa ubavuni mwa sheikh. Hatukubahatika kuwapo mwezi huo. Tulichokiona ni mkwaju uliopandwa kando ya kaburi. Waimbaji huamini kwamba majani yake hulainisha koo, na kwa imani hiyo mti wa kale ulichumwa sana, na huu wa sasa ni mrithi wake. Tulitafuna jani moja. Lilikuwa chachu kama mkwaju wowote wa pwani, na sauti yetu ilibaki ile ile mliyoizoea.

Basi tulipokuwa tukitema jani hilo tulimkumbuka Siti binti Saad. Naye alikwenda India. Mwaka 1928 alisafiri kwa meli pamoja na wapiga ala wake hadi Bombay, akatiwa sauti yake katika santuri, kwa Kiswahili, wakati ambapo taarabu ya barazani kwa Sultani ilizoea kuimbwa kwa Kiarabu. Mwanamke huyu alizaliwa Fumba katika nyumba ya kimaskini, akauza vyungu kwa kuvitembeza na kuvinadi kwa sauti ile ile iliyokuja kumpa jina. Alifariki mwaka 1950. Hakujengewa kaburi la nguzo. Alichojengewa ni kitabu: Shaaban Robert aliandika wasifu wake, ukachapishwa mara ya kwanza mwaka 1958.

Wengi wamekisifu kitabu hicho, nasi tu miongoni mwao. Ilikuwa jambo kubwa kwa mshairi wa heshima kama yule kukaa chini na kuandika maisha ya mwimbaji asiye na nasaba wala elimu ya darasani, na kumweka mbele ya taifa kama kielelezo. Lakini wasifu huo, kwa maoni yetu, unafanana zaidi na jengo la sheikh kuliko kaburi la Tansen. Kuta zake ni nene kwa maadili. Msomaji hutoka akiujua unyenyekevu wa Siti, subira yake, na namna alivyowashinda waliomdharau. Hatoki akijua alivyolishika neno na kulivuta, wala alivyopeana zamu na udi na fidla, wala kwa nini wimbo wake juu ya mauaji ya Kijiti na hukumu iliyofuata uliwauma watu wa Unguja kuliko habari yenyewe. Sauti ya Siti haimo humo. Imo katika zile santuri za Bombay, na santuri huvunjika.

Twasema haya kwa kusitasita, maana nasi tumeingia katika kosa hilo hilo.

Hapa Buhare, nje kidogo ya Musoma, alikuwako mzee mmoja Mkurya aliyepiga litungu. Kwa asiyelijua, litungu ni kinanda chetu cha Mara, chenye tumbo lililowambwa ngozi na nyuzi nane. La mzee huyu lilikuwa na nyuzi za mshipi wa kuvulia samaki, naye hakuona aibu kwa hilo. Alisema ziwa limo ndani yake. Miaka mingi tulikwenda kwake jioni, baada ya kazi, tukamsikiliza. Alipofariki, watoto wake walikuwa na fedha za jambo moja tu. Kijana wake alitaka ngozi ya litungu, iliyokuwa imepasuka, iwambwe upya kwa ajili ya mjukuu. Binti yake alitaka saruji, akasema mvua mbili zikipita kaburi litakuwa shamba, na baba ataitwa mtu asiyezaa. Walituuliza shauri kama wazee wao. Tulimwunga mkono binti, wala hata leo hatusemi kwamba alikosa. Aibu ya kaburi lililopotea ni aibu ya kweli.

Kwa kuwa sisi ni washairi, tuliombwa na beti moja ya kuandikwa juu ya saruji ingali mbichi. Tuliitunga kwa usiku mmoja, mizani nane kwa nane, vina havikuteleza. Tulimsifu kwa upole, kwa ukarimu, kwa kuwapatanisha majirani. Yote yalikuwa kweli. Neno litungu halimo, kwa sababu halikuingia katika kina.

Mwaka jana mjukuu alilishusha litungu ukutani, akaliwamba kwa ngozi aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe. Alikuja kwetu jioni moja nalo mkononi. Hakuja kuzungumza juu ya beti. Alitaka kujua babu yake alikuwa akianza kukaza uzi upi, na ule wa pili aliupandisha hadi wapi. Tulimkaribisha kiti. Tulijaribu kukumbuka, tukaimba kidogo kwa mdomo, naye akakaza uzi mmoja, akausikiliza, akaulegeza tena.