Mvumo Uliopanda Kidogo Kuliko G

Stima ya Kenya ina noti yake. Hutufikia majumbani kwa volti 240, ikikamilisha mizunguko 50 kila sekunde, na mtu mwenye sikio la gitaa akiisikia ikivuma kwenye spika ataitaja mara moja: ni G, ila imepanda kidogo. Waya mnene wa gitaa ukiubonyeza kwenye freti ya tatu hutoa G ya mitetemo 98 kwa sekunde. Amplifaya iliyochoka huvuma kwa 50, au kwa 100, ambayo ni noti ileile oktava moja juu. Marekani stima yao ni ya 60, kwa hiyo amplifaya za huko zikiharibika huvuma mahali fulani kati ya B flati na B.

Haya niliyafahamu katika chumba kimoja cha ghorofani, si mbali na Luthuli Avenue, kwa mzee ambaye sehemu ya riziki yake ni kunyamazisha amplifaya za valvu. Luthuli kila Mnairobi anaijua kwa spika, televisheni na nyaya za kila rangi. Wachache hukumbuka kwamba mtaa huo una jina la Albert Luthuli, Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Chini kuna kelele za wapiga debe na muziki wa maduka matatu ukigongana. Juu kwa mzee hakuna redio inayolia. Anahitaji kusikia.

Valvu zilitoweka kwenye redio za nyumbani zamani, lakini wapiga gitaa hawakuziacha. Ukipiga taratibu sauti hutoka safi. Ukiongeza nguvu hukwaruza kidogo kidogo, bila kukatika ghafla. Ndiyo maana amplifaya ya Vox AC30, yenye uzito unaopita kilo 30 na valvu nne za EL84 za kusukuma spika, bado inatafutwa. Valvu mpya zinatengenezwa Urusi, China na Slovakia, na kuziagiza hadi Nairobi ni gharama. Hilo peke yake lingetosha kumfundisha fundi asibadilishe kitu kabla hajajua kimekosa nini.

Siku niliyoketi pale aliingia kijana anayepiga gitaa kanisani, ametoka Kawangware na matatu ya 46, amepakata amplifaya ndogo ya Kimarekani aliyoletewa na mjomba wake.

"Mzee, hii kitu inavuma. Nimeambiwa nibadilishe valvu zote."

"Umekuja na gitaa lako?"

"Hapana, mzee."

"Na transfoma ya kushusha stima?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Basi kijana wangu, umeniletea nusu ya mgonjwa. Rudi kesho na vitu vyote."

Kijana alikunja uso, lakini alirudi kesho yake, nami pia nilirudi. Fundi mwingine angeshakuwa na bisibisi mkononi. Mzee alipanga kila kitu mezani kama kinavyopangwa kanisani: gitaa, kebo, transfoma, amplifaya. Kisha akaiwasha kupitia balbu ya zamani ya nyuzi aliyoiunganisha kwenye njia ya stima. Kama ndani kungekuwa na hitilafu kubwa, balbu ingewaka kwa nguvu na kubeba mzigo badala ya transfoma ya amplifaya kuungua. Ikawaka kidogo, ikafifia. Hakuna kilichoungua.

Akasikiliza. Kisha akazima taa ndefu ya chumba, na sehemu ya kelele ikaondoka, ule mlio mwembamba wenye makali. Akamwambia kijana ashike gitaa na ageuke polepole kuelekea dirishani. Mvumo ukapungua, ukaongezeka, ukapungua tena. Pikapu za gitaa zenye koili moja hunasa sumaku ya kila transfoma na kila taa iliyo karibu. Hiyo ndiyo sababu Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni mwaka 1955 pikapu ya koili mbili ambazo kila moja hufuta mvumo wa nyingine. Hapo hapakuwa na ugonjwa, ni tabia ya gitaa lenyewe. Mzee akachomoa kebo. Mvumo mzito ulibaki.

Akateremsha kitasa cha sauti hadi sifuri. Ulibaki vilevile. Kwa jambo hilo dogo tu nusu ya amplifaya ilikuwa imeondolewa kwenye mashaka, kwa sababu chochote kilicho kabla ya kitasa kingenyamaza. Akafunga kitambaa kidoleni, maana valvu huunguza, akachomoa zile ndogo moja moja kuanzia upande wa kuingilia gitaa: ya kwanza, ya pili, hadi ile inayogawa ishara kwa valvu kubwa mbili. Bado G. Sasa palibaki pa kutafuta pawili tu, kwenye valvu kubwa zenyewe au kwenye sehemu inayozilisha umeme. Hajafungua skrubu hata moja.

Nilipenda sana kwamba hakusema lolote la kujionyesha. Aliandika kwenye daftari lenye madoa ya lehemu: "sifuri, ipo; bila ndogo, ipo; 100." Hiyo 100 aliijua kwa sikio, kisha akaithibitisha kwa kupiga freti ya tatu kwenye gitaa la kijana. Tofauti kati ya 50 na 100 si mchezo. Umeme ukishanyooshwa na daiodi huacha mawimbi 100 kwa sekunde, na kazi ya kapasita kubwa ni kuyasawazisha. Kapasita hufanya kazi ya tangi la maji juu ya paa: mfereji unakuja kwa mishtuko, tangi linajaa, bomba la jikoni linatiririka sawa. Tangi likipungua ukubwa, mishtuko inafika jikoni. Kapasita za aina hiyo zina majimaji ndani, na miaka ikipita hukauka hata kama amplifaya ilikaa kabatini bila kuguswa. Mvumo wa 50, kwa upande mwingine, hutoka kwenye stima ambayo haijanyooshwa: nyaya zinazopasha moto valvu kwa volti 6.3, au njia ya ethi iliyokosewa.

Ndipo akachomoa plagi na kufungua. Hapa alibadilika, akawa mkali. Kijana alisogea kutazama, akaambiwa arudi nyuma. Ndani ya kifaa hicho volti zaidi ya 300 hubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa stima, na hazina huruma kwa mtu mwenye haraka. Mzee aliweka mkono wa kushoto mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani, akaziondoa volti hizo kupitia risista kubwa yenye waya, akapima kwa mita, akangoja, akapima tena. Alipoona mita inasoma karibu sifuri ndipo akatoa mkono mfukoni.

Aliunganisha kapasita nzima sambamba na ile ya zamani kwa klipu mbili, akafunga, akawasha. Mvumo ukashuka kwa sehemu kubwa. Akazima, akaondoa umeme tena kwa taratibu ileile yote, akakata ya zamani. Sehemu hii ilinivutia kuliko zote. Hakupaka lehemu mpya juu ya ile kuukuu. Aliinyonya yote, akasugua ncha ya shaba hadi ikang'aa, akakunja mguu wa kapasita kwa koleo, akapasha moto kiungio chenyewe na kukigusa kwa lehemu. Lehemu ikakimbia yenyewe ikazunguka waya, ikatulia ikiwa laini na yenye mng'ao. Kiungio kilichopoa vibaya huwa na chembechembe za kijivu, nacho kitavuma mwaka ujao.

Kisha akarudisha valvu ndogo, akazigusa nyaya moja moja kwa kijiti cha mshikaki, amplifaya ikiwa imewashwa. Kijiti kikavu hakipitishi umeme. Mahali pamoja alipobonyeza, mvumo mdogo uliobaki, huu sasa wa 50, ulikoma na kurudi. Ilikuwa risista moja kati ya mbili ndogo za omu 100 zinazounganisha nyaya za kupasha moto na bodi. Mguu wake ulikuwa umekatika ndani ya kiungio. Kitu cha shilingi chache. Kijana alikuwa ameshauriwa anunue seti nzima ya valvu.

Valvu kubwa alizipima mwisho. Kwenye kila moja palikuwa na risista ya omu 1, hivyo milivolti unazosoma kwenye mita ndizo miliampea zinazopita. Zilikaribiana. Zingetofautiana sana, kila upande ungeshindwa kufuta mvumo wa mwenzake, na mtu angebadilisha kapasita mpaka achoke. Akaziacha.

Lilibaki suala la transfoma ya kushusha stima. Ile ya kijana ilikuwa na matundu mawili tu, bila ethi. Transfoma ya namna hiyo hupunguza volti lakini haibadilishi 50 kuwa 60, kwa hiyo chuma cha transfoma ya Kimarekani huchoka zaidi hapa kwetu, kikipata moto na kutetema. Hilo linavumilika. Kukosa ethi hakuvumiliki, na mzee alikataa kuirudisha amplifaya kabla ya kufunga waya wa ethi wa kweli kutoka plagi ya pini tatu hadi kwenye bodi. Wapo mjini watakaokuambia ukate ethi, mvumo utaisha. Mara nyingine kweli huisha. Mei 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alishika maikrofoni jukwaani Swansea, Wales, kwenye vifaa ambavyo havikuwa na ethi sawasawa, akauawa na umeme.

Nairobi hii imepitiwa na magitaa mengi: ndugu Wilson na George Kinyonga wa Simba Wanyika kutoka Tanga, Les Wanyika waliojitenga nao mwaka 1978, Samba Mapangala kutoka Kongo na Orchestra Virunga yake, na wapiga benga wa River Road. Kila bendi ilikuwa na mtu wa kufufua amplifaya Ijumaa jioni. Jalada la santuri lilitaja mtunzi, mwimbaji na studio. Fundi nadra kutajwa. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa la wenye studio, kwa sababu sauti tunayoisifu ya gitaa lile safi la juu ilipita kwanza mikononi mwa mtu huyo.

Mwishoni kijana aliweka sikio kwenye spika, akasema bado anasikia kitu. Mzee akacheka.

"Hiyo ni valvu inapumua, kijana. Ukikaa mbali hatua mbili huisikii. Nikiifuata hiyo nitakulipisha siku tatu bure."

Nadhani hapo ndipo ustadi wake ulipokamilika, kujua pa kuacha. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko bei ya valvu moja. Basi, ewe mwenye amplifaya inayovuma pale Kangemi, Lavington au Riruta: ukienda mjini kwa fundi, beba gitaa, kebo na transfoma yako, mweleze mvumo ulianza lini, usimharakishe, na pini ya ethi usiiguse.