Neli, Mrija au Kirefusho? Uhakiki wa Istilahi za Mtutu wa Bunduki ya Shabaha

Istilahi ya ufundi hupimwa mahali inapotumika. Neno laweza kupendeza katika orodha, likapitishwa bila ubishi, kisha likamshinda fundi siku ya kwanza alipolikuta kati ya jiriwa na tupa. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki majina yanayoweza kupewa kifaa kimoja kidogo: kipande cha madini chenye uwazi ndani, kinachofungwa mbele ya mtutu wa bunduki ya mashindano ya kulenga shabaha. Kifaa hiki hakitumiwi na wengi, lakini jina lake likikosewa, kosa hilo laweza kuharibu bunduki, kumnyima mchezaji ushindi wake, au hata kumdhuru mtu.

Kipimo chetu tumekiweka Iyunga, Mbeya. Hapo pana shule ya sekondari ya ufundi ya siku nyingi; hapo pia pana chuo kilichoanza mwaka 1986 kikiitwa Chuo cha Ufundi Mbeya, ambacho tangu mwaka 2012 ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, imeleta maneno yake ya vyuma katika sehemu hiyo. Watu wa mazingira haya wamezoea kukereza, kutoboa kwa keekee na kukata hesi, na huzungumza Kiswahili wanapofanya hivyo hata kama kitabu walichofundishiwa kiliandikwa kwa Kiingereza. Swali letu basi ni hili: fundi wa namna hiyo akipewa jina peke yake, bila picha, atafahamu nini? Hatusemi kwamba kila mkerezaji aguse silaha. Kazi hiyo hutawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ni ya mwenye idhini tu. Tunachopima hapa ni jina.

Kwanza tukieleze kitu chenyewe. Bunduki ya shabaha ya mita 50 hutumia risasi yenye kipenyo cha milimita 5.6. Risasi hiyo hupata karibu mwendo wake wote katika sentimita 40 hadi 50 za mwanzo za mtutu. Urefu unaozidi hapo hauiongezei kasi ya maana. Kwa hiyo mtutu waweza kufanywa mfupi na mnene, usiotikisika upesi. Lakini mtutu ukiwa mfupi, kilengeo cha mbele husogea karibu na kilengeo cha nyuma, na ulengaji hupungua usahihi. Dawa yake ni kufunga mbele ya mtutu kipande chepesi chenye uwazi mpana kuliko njia ya risasi, na kukiweka kilengeo cha mbele juu ya kipande hicho. Risasi hupita katikati bila kugusa ukuta.

Faida yake yahesabika. Tuseme vilengeo viwili vimeachana kwa milimita 700, na mlengaji amekosea kuvilinganisha kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Katika mita 50 risasi itapotoka kwa milimita 7.1 hivi. Vilengeo vikiachana kwa milimita 900, kosa lile lile litaipotosha risasi kwa milimita 5.6. Duara la alama kumi katika mchezo huo lina kipenyo cha milimita 10.4, yaani kutoka kitovuni hadi ukingoni ni milimita 5.2 tu. Milimita moja na nusu inayookolewa hapo si jambo dogo.

Sasa tutazame njia ambazo Kiswahili kimezifuata katika kutaja vitu vya bunduki. Njia ya kwanza ni ya umbo. Mzinga wa nyuki, gogo lililotobolewa, uliazima jina lake kwa silaha kubwa ya vita, na hakuna Mswahili anayechanganya mizinga hiyo miwili. Kasiba, jina la mtutu lenye asili ya Kiarabu, maana yake ya kwanza ni unyasi au mwanzi. Njia ya pili ni ya kitu kilichotumika kutengenezea: risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachotoka bundukini. Njia ya tatu ni ya kazi, kama tunaposema kifyatulio. Wahenga walifanikiwa sana kwa njia ya umbo kwa sababu vitu vilivyokuwa mbele yao vilikuwa vichache. Palipo na mashimo marefu ya aina tatu katika chombo kimoja, umbo peke yake halitoshi kutofautisha.

Kwa kuzingatia hayo, tumeyaweka mezani majina manne.

La kwanza ni mrija. Neno hili ni letu na linafahamika kila mahali. Lakini mrija hufyonza. Katika Nyanda za Juu za Kusini, mrija ni wa kunywea pombe. Na tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, mirija imekuwa pia alama ya unyonyaji katika hotuba na vikatuni. Fundi wetu akisikia mrija atafikiri kitu chembamba kuliko kile kinachotangulia, ilhali kifaa hiki lazima kiwe na uwazi mpana kuliko mtutu. Jina lampeleka upande ulio kinyume.

La pili ni bomba la nyongeza. Bomba, neno tulilopata kwa Wareno likiwa na maana ya pampu, leo hubeba maji, mafuta na moshi. Tatizo halimo katika bomba. Limo katika nyongeza, ambayo haisemi kinachoongezwa. Aidha, mtu asiyejua mchezo huu, akiliona bomba limeongezwa mdomoni mwa bunduki, atadhani ni kifaa cha kuzuia sauti. Kifaa cha kuzuia sauti kina vizuizi ndani na ni jambo jingine mbele ya sheria. Hiki ni uwazi mtupu. Istilahi inayoruhusu vitu hivyo viwili kushiriki jina moja ni istilahi ya hatari.

La tatu ni kirefusho cha mtutu. Hili ndilo linaloelekea kupendwa, maana linafuata Kiingereza hatua kwa hatua na limeundwa kwa kanuni nzuri ya sarufi. Ndilo pia tunalolipinga kwa nguvu zaidi. Kinachorefuka hapa ni nafasi kati ya vilengeo viwili. Mtutu unabaki ulivyo. Mtutu ni sehemu inayoibana risasi na kuizungusha kwa mifuo yake. Fundi akiambiwa arefushe mtutu, kwa akili yake njema atatoboa tundu lenye kipenyo kile kile cha njia ya risasi, ili liendelee na la kwanza. Hapo ndipo penye balaa: mhimili ukipotoka kidogo tu, risasi itagonga ukingo. Kosa hilo halitakuwa la fundi. Litakuwa la waliompa jina.

La nne, na ndilo tunalolipendekeza, ni neli ya kilengeo. Neli ilitujia kutoka Bara Hindi ikiwa na maana ya bomba jembamba, na katika Kiswahili cha leo haikushikwa na kazi nyingi kama bomba. Sehemu ya pili ya jina yataja kazi: neli iliyopo kwa ajili ya kukibeba kilengeo. Fundi akilisikia ataelewa mara moja kwamba risasi haina shughuli na kuta za kifaa hiki. Litamkumbusha pia mambo ya kutazama wakati wa kuchagua na kufunga.

Tulijaribu jina hilo katika maelezo mafupi ya kazi, nayo yalisomeka hivi. Chagua neli ya kilengeo ambayo kibano chake kinalingana na kipenyo cha nje cha mtutu, na ambayo uzito wake hauelemei mbele. Uzito kidogo mbele humtuliza mlengaji, lakini ukizidi huchosha mkono, hasa wa kijana anayelenga akiwa amesimama. Hakikisha bunduki haina risasi, ondoa komeo, kisha funga neli na utazame kutoka mbele: mduara wa mdomo wa mtutu uonekane katikati ya mduara wa neli, ukiachwa nafasi sawa pande zote. Badili pete ya kilengeo cha mbele kwa iliyo pana zaidi, kwa sababu sasa iko mbali na jicho na itaonekana ndogo. Mwisho, rekebisha upya kilengeo cha nyuma, ukijua kwamba kila hatua yake sasa itaisogeza risasi kidogo kuliko zamani. Weka kirefusho cha mtutu mahali pa neli ya kilengeo katika maelezo hayo, na sentensi ya kwanza itaanza kupingana na ya pili.

Kuna ushahidi mwingine, wa kanuni za mchezo. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lililoasisiwa mwaka 1907, limeweka kwamba katika bunduki sanifu ya mita 300, urefu wa mtutu pamoja na neli usizidi milimita 762, na katika bunduki ya hewa, mfumo wote usizidi milimita 850. Vipimo hivyo hukomea kwenye mdomo unaoonekana, ambao waweza kuwa wa neli. Mtafsiri asiyetenga mdomo wa mtutu na mdomo unaoonekana hawezi kuitafsiri kanuni hiyo, na mchezaji atakayeifuata tafsiri yake ataondolewa mashindanoni kwa kosa asilolijua. Kwa hiyo istilahi hizi ni jamii moja na zapaswa kuamuliwa pamoja: mtutu, mdomo wa mtutu, neli ya kilengeo, mdomo unaoonekana, kilengeo cha mbele na kilengeo cha nyuma.

Hatudai kuwa kazi ndiyo njia pekee ya kuunda istilahi. Mzinga utabaki mzinga, na risasi itabaki risasi. Tunachosisitiza ni kwamba kabla ya kupitisha orodha yoyote ya majina ya vyombo, kila jina lisomwe na mtu anayekishika chombo, tena bila picha na bila neno la Kiingereza pembeni. Jina litakalompotosha liondolewe, hata likiwa limeundwa kwa sarufi safi. Karakana za Iyunga, Ifunda na kwingineko ziko tayari kutufanyia mtihani huo. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya kusahihisha neno lililokwisha kuchapwa.