Uzi Usiovutika Juu ya Kina cha Tanganyika

Mita 80 chini ya boti, mukeke akigusa chambo, mguso huo hauna budi kupanda uzi mzima ndipo umfikie mvuvi kidoleni. Kwenye nailoni sehemu kubwa hupotea njiani, kwa sababu nailoni huvutika: kabla ya kukatika inaweza kurefuka kwa robo ya urefu wake. Ikirefuka kwa asilimia 10 tu, mita 80 zimekuwa 88, na mvuvi anayeinua fimbo mita mbili ili amnase samaki amevuta uzi, ndoana haijasikia kitu. Uzi wa kusuka hukatika ukiwa umerefuka kwa asilimia tatu au nne hivi. Fimbo ikipanda, ndoana inapanda.

Wavuvi wa fimbo wa Bujumbura, wale wanaoteremka kutoka Kiriri na mitaa mingine ya kilimani mwisho wa juma kwenda kwenye boti zao, huusifu uzi huu na kuulaumu kwa pumzi moja. Unahisi kila kitu, wanasema. Halafu hapohapo wanasema unachana midomo ya samaki, unafungua mafundo, unakata vidole. Kwa maoni yangu sifa na lawama zote zina chanzo kimoja. Mvutiko wa nailoni ulikuwa unafanya kazi ambayo hakuna aliyeiona: kupokea mshtuko. Anayeuondoa kwenye uzi lazima aurudishe mahali pengine, na ufundi wote wa uzi wa kusuka uko katika kuurudisha huko.

Tuanze na uzi wenyewe. Kusuka mishipi si jambo jipya. Kabla ya nailoni, iliyobuniwa na Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont mwaka 1935, watu walivua kwa hariri, kitani na pamba. Kilichobadilika ni malighafi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wanakemia wa kampuni ya DSM nchini Uholanzi waligundua namna ya kuyeyusha polietilini yenye molekuli ndefu mno, kuitoa kama ute, kisha kuivuta hadi molekuli zote zikalala upande mmoja. Nyuzi hizo zikaitwa Dyneema. Wamarekani walikuwa na zao, Spectra. Katika miaka ya 1990 zilianza kusukwa kuwa mishipi, nne nne kwa bei nafuu, nane nane kwa uzi ulio laini zaidi. Molekuli ambayo tayari imenyooshwa haina tena pa kunyookea, ndiyo maana uzi hauvutiki. Na kwa kuwa polietilini ina utelezi wa asili, uzi huo hauna pa kujishikilia pia. Hilo tutalirudia kwenye mafundo.

Kwa nini ziwa hili liwe mahali pa kuupima? Tanganyika ina kina cha mita 1,470 palipo na kina kirefu zaidi, lakini samaki hawaishi huko. Upande huu wa kaskazini oksijeni hufika kama mita 100 kwenda chini, zaidi kidogo au pungufu kwa msimu, na baada ya hapo maji hayana uhai wa samaki. Kwa hiyo mukeke na sangala wote wako ndani ya tabaka ambalo uzi wa mkono au wa fimbo unalifikia, ila unalifikia kwa shida ikiwa ni mnene. Nailoni ya kubeba kilo 10 ina unene wa karibu milimita 0.4, uzi wa kusuka wa nguvu hiyo hauzidi nusu yake. Msukumo wa maji juu ya uzi hufuata unene. Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini unapovuma ziwani na boti inasukumwa, nailoni hujipinda majini ikafanya tumbo kubwa, na chubwi inabaki nyuma na juu ya pale mvuvi anapodhani ipo. Uzi mwembamba hushuka karibu wima, tena kwa chubwi nyepesi. Hapa ndipo uzi wa kusuka unaposhinda waziwazi, na sidhani kuna ubishi.

Ubishi unaanza samaki akishanaswa. Mukeke ni mwindaji mwembamba, hugonga kwa nguvu na kugeuka ghafla. Kwa nailoni, mita zote zile za uzi humlegezea. Kwa uzi wa kusuka, nguvu yake inakutana na nguvu ya fimbo bila kitu katikati, na tundu la ndoana linapanuka hadi ndoana inachomoka. Wengi hujibu kwa kununua ndoana kubwa zaidi, jambo ambalo naliona ni kutibu pasipouma. Dawa iko kwenye breki ya mashine ya kukunjia uzi: ilegezwe kuliko ilivyozoeleka kwa nailoni. Aliyekuwa anakaza breki hadi theluthi ya nguvu ya uzi aanze na robo au chini yake, na atumie fimbo laini inayopinda hadi katikati, wala si ile ngumu ambayo muuzaji atamsifia.

Sehemu ya pili ya mvutiko hurudishwa mwishoni mwa uzi. Mita tatu hadi tano za nailoni zifungwe kati ya uzi wa kusuka na ndoana. Kipande hicho kinafanya kazi tatu. Kinapokea mshtuko wa samaki akiwa ubavuni mwa boti, wakati uzi uliobaki ni mfupi na hatari ya kumpoteza ni kubwa. Kinastahimili msuguano wa mawe, ambao uzi wa kusuka hauuwezi kabisa, kwa kuwa kila unyuzi mwembamba ukikatika nguvu ya uzi mzima inapungua. Tena hakionekani sana. Karibu na mdomo wa mto Rusizi, wakati wa mvua, maji yamejaa tope na samaki hawaoni uzi wa aina yoyote. Lakini kusini, kwenye mawe ya Gitaza na Magara, maji huwa meupe, na uzi wa kusuka usiopenyeka kwa mwanga huonekana wote. Huko samaki aina ya kuhe huwinda karibu na mwamba, na asiyefunga nailoni mwishoni anapoteza samaki na chambo pamoja.

Kuunganisha nyuzi hizo mbili ndiko kunakowashinda wengi. Fundo lililoshika nailoni miaka yote huteleza kwenye polietilini likafunguka lenyewe, hata bila kukatika. Kwenye ndoana, fundo la Palomar linatosha, kwa sababu uzi hupita mara mbili kwenye tundu. Kwenye muungano, uzi wa kusuka uzungushwe mara nyingi zaidi kuliko nailoni, mara nane au kumi, ulowanishwe kwa mate, kisha ukazwe polepole. Mate si ushirikina. Polietilini hii huyeyuka kwenye nyuzi joto 150 hivi, na fundo linalokazwa likiwa kavu hujichoma lenyewe mahali ambapo jicho halioni.

Kuna pia mashine. Uzi wa kusuka ukifungwa moja kwa moja kwenye chuma laini cha kikombe, wote huzunguka kwa pamoja na mvuvi hudhani breki imeharibika. Mizunguko michache ya nailoni kuukuu chini yake huondoa tatizo, na hupunguza gharama, maana uzi huu ni ghali. Ukichakaa, ugeuzwe: nusu ya ndani haijawahi kuona maji.

Kwa wavuvi wa mshipi wa mkono ushauri wangu ni tofauti. Wasiununue. Bila fimbo wala breki, mahali pekee pa kurudisha mvutiko ni kwenye ngozi ya vidole, na uzi wa nusu milimita kushuka chini hukata nyama hadi mfupani sangala akikimbia. Nailoni nene waliyoizoea inawafaa, na hakuna sababu ya kuwaona wamebaki nyuma.

Atakayenunua aombe glasi ya maji dukani. Polietilini ni nyepesi kuliko maji, uzito wake ni 0.97 kwa 1; poliesta iliyosukwa, ambayo huvutika zaidi, huzama. Akate kipande kidogo, akikamue ndani ya maji kwa vidole kitoe hewa, kisha akiachie. Kikizama, lebo imemdanganya.

Tangu ziwa lipande na kuingia Gatumba, Kajaga na Kibenga, kuna miti, nyua na kuta chini ya maji ambako zamani watu walitembea. Samaki wamezifuata, na wavuvi wamewafuata samaki. Huko uzi wa kusuka ukinasa, usivutwe kwa mkono: uzungushwe kwenye kipande cha mti, boti irudi nyuma taratibu. Nailoni ya mwishoni iwe dhaifu kuliko uzi mkuu, ili kitakachokatika na kubaki ukutani kiwe mita tatu na ndoana moja. Polietilini haiozi, na mita 60 zake zikiachwa humo zitaendelea kunasa ndege na nyavu za watu wengine kwa miaka mingi.